Marekani Siyo Amerika: Unyakuzi wa Jina katika Mitaala Yetu ya Fasihi

Utangulizi

Makala haya yamechochewa na tukio dogo. Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili katika chuo ambacho hatutakitaja aliwasilisha pendekezo lake la utafiti mbele ya jopo ambalo mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa wanajopo. Alikusudia kulinganisha ushairi wa Langston Hughes na ule wa Nicolás Guillén, na pendekezo lake alikuwa ameliandikisha chini ya kozi iitwayo Fasihi ya Kimarekani. Jopo lilimsikiliza, likamsifu kwa bidii yake, kisha likamwamuru alikate pendekezo hilo vipande viwili. Hughes abaki alipo, kwa kuwa ni Mmarekani. Guillén ahamishiwe kwenye Fasihi ya Dunia ya Tatu, kwa kuwa ni Mkuba. Mwanafunzi aliuliza swali moja tu: "Kwani Kuba iko bara gani?" Hakuna aliyemjibu. Mwandishi wa makala haya naye alinyamaza, na haya anayoyaandika sasa ni malipo ya deni la ukimya huo.

Tunadai kwamba kulitwaa jina la bara zima na kuipa dola moja si kosa la jiografia tu. Ni tendo la kihakiki lenye matokeo. Huamua kitabu kipi kisomwe kando ya kipi, mwandishi yupi ahesabiwe kuwa mrithi wa nani, na swali lipi liruhusiwe kuulizwa darasani. Tunadai pia kwamba msomi wa Kiswahili ana udhuru mdogo kuliko wengine katika kosa hili, maana lugha yake imemwekea maneno mawili pale ambapo Kiingereza kimemwekea moja.

Jina na ramani

Tuanze na asili ya jina lenyewe. Mnamo mwaka 1507, katika mji wa Saint-Dié, Lorraine, mchora ramani Martin Waldseemüller na wenzake walichapisha ramani ya dunia, wakaliita bara ambalo Wazungu walikuwa wamelifikia karibuni kwa jina la baharia wa Florence, Amerigo Vespucci. Neno hilo waliliandika kwenye sehemu ya kusini ya bara, upande wa nchi ambayo leo ni Brazili. Ilikuwa hadi mwaka 1538 ndipo Gerardus Mercator alipolitumia katika ramani yake kwa kusini na kaskazini pamoja. Kwa hiyo, kama haki ya jina ingefuata utangulizi wa kuzaliwa, Mbrazili ndiye angekuwa kaka, na mtu wa Boston angekuwa mdogo wake.

Aidha, waliopigania uhuru kutoka kwa Uhispania walijiita Waamerika bila kumwomba mtu ruhusa. Katiba iliyotangazwa Apatzingán mwaka 1814 ilikuwa ni kwa ajili ya uhuru wa nchi iliyoitwa humo Amerika ya Kimeksiko. Simón Bolívar, katika barua aliyoiandika akiwa Jamaika mwaka 1815, anazungumza kama Mwamerika kwa niaba ya Waamerika. Naye José Martí, Mkuba aliyeishi New York kwa karibu miaka kumi na mitano, alichapisha mwaka 1891 insha ambayo kichwa chake kwa Kiswahili ni Amerika Yetu. Tuitafakari tafsiri hiyo. Mtafsiri akiandika Marekani Yetu, atakuwa ameipindua insha nzima, kwa kuwa Martí aliiandika ili kuwatahadharisha watu wake juu ya jirani wa kaskazini asiyewajua na anayewadharau. Uzito wote umo katika kimilikishi: iko Amerika iliyo yetu kwa sababu iko nyingine isiyo yetu. Atakayeufuta mpaka baina ya Marekani na Amerika hawezi kumsoma Martí hata ukurasa wa kwanza.

Jina pana la kutawalia, jina finyu la kugawania

Watetezi wa matumizi yaliyozoeleka hutuambia kwamba dola hiyo haina jina jingine. Meksiko, wanasema, ina jina lake, na Brazili ina lake, lakini watu wa Marekani wasipoitwa kwa jina la bara wataitwaje? Hoja hii inasahau kwamba muungano wa mataifa ni muundo wa serikali ambao wengi wamewahi kujiita kwao. Jina rasmi la Meksiko hadi leo ni Mataifa ya Muungano ya Meksiko. Kolombia ilijiita hivyo kati ya 1863 na 1886, Venezuela hadi mwaka 1953, na Brazili tangu katiba yake ya mwaka 1891 hadi miaka ya sitini ya karne iliyopita. Katika majina yote hayo, neno la mwisho laonyesha mahali muungano ulipo. Mtu akiandika kwenye bahasha kwamba anakaa Mombasa, hajawa Mombasa, wala majirani zake hawajapoteza anwani.

Fauka ya hayo, historia yaonyesha kwamba wenye dola hiyo wanaijua vyema maana pana ya jina, na huitumia inapowafaa. Rais James Monroe alipotoa tamko lake mwaka 1823 kuyakanya mataifa ya Ulaya yasianzishe makoloni mapya, alizungumza juu ya mabara ya Amerika kwa jumla. Shirika la Mataifa ya Amerika lilipoundwa Bogotá mwaka 1948, makao yake makuu yakawa Washington. Katika jina la shirika hilo, Honduras ni taifa la Amerika sawasawa na Marekani yenyewe. Kwa hivyo, linapokuja suala la kulinda, kuongoza na kuamrisha, Amerika huanzia nchi za barafu za kaskazini na kukomea ncha ya Chile. Linapokuja suala la kugawana heshima ya jina, Amerika huishia kwenye mto wa Rio Grande. Wahenga walisema, ukipewa shubiri usichukue pima. Huyu amechukua pima, kisha amewarudishia wenziwe shubiri na kuwataka washukuru.

Yeyote anayedhani mjadala huu umepitwa na wakati na autazame mwaka 2025. Mnamo tarehe 20 Januari mwaka huo, rais wa Marekani alitoa agizo kwamba katika matumizi ya serikali yake Ghuba ya Meksiko iitwe kwa jina jipya. Siku chache kabla, tayari Rais Claudia Sheinbaum wa Meksiko alikuwa amelijibu wazo hilo kwa kuonyesha ramani ya mwaka 1607 na kupendekeza, kwa kejeli, kwamba Amerika ya Kaskazini nayo iitwe Amerika ya Kimeksiko, jina lile lile la Apatzingán. Sasa na tumweke mtafsiri wa Kiswahili mbele ya agizo hilo. Aandike Ghuba ya Amerika, au Ghuba ya Marekani? Akiandika la kwanza, bahari ni ya bara zima, na Meksiko na Kuba zimo. Akiandika la pili, bahari ni ya dola moja. Kiingereza kilimruhusu mwenye agizo kuyaficha makusudio yake ndani ya neno moja. Kiswahili kinamlazimisha mtafsiri ayafichue.

Kilichokatwa

Turejee kwa mwanafunzi wetu. Je, jopo lilipolikata pendekezo lake, lilikata nini?

Hughes na Guillén hawakukutanishwa na mhakiki. Walikutana wenyewe Havana mwaka 1930, mwaka ule ule ambao Guillén alitoa Motivos de son, mashairi yaliyoichukua lugha na mdundo wa watu weusi wa mitaani na kuutia katika ushairi wa Kihispania. Walikuwa pamoja Uhispania mwaka 1937 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mnamo mwaka 1948, Hughes, akishirikiana na Ben Frederic Carruthers, alichapisha tafsiri za mashairi ya Guillén katika Cuba Libre. Naye Guillén, kijana mweusi Emmett Till alipouawa Mississippi mwaka 1955, alimwandikia utenzi wa maombolezo uliotoka mwaka uliofuata. Mkuba anamlilia mtoto wa Marekani, Mmarekani anamtafsiri Mkuba: hili ni pacha moja la fasihi, na kisu chetu kililipasua katikati kwa sababu ya neno moja katika orodha ya kozi.

Lakini kilichopotea ni zaidi ya urafiki wa washairi wawili. Katika shairi lake mashuhuri lililoingia katika diwani ya The Weary Blues mwaka 1926, Hughes anamsawiri mtu mweusi anayepelekwa kula jikoni wageni wanapokuja, naye anadai kwamba jina la Amerika ni lake pia. Toni Morrison, katika Playing in the Dark (1992), alionyesha jinsi ambavyo jina hilo, ndani ya Marekani kwenyewe, limekuja kumaanisha mtu mweupe, ilhali wengine hulazimika kuliongezea kivumishi. Basi Hughes alinyimwa jina kwa sababu ya ngozi, na Guillén alinyimwa jina lile lile kwa sababu ya mpaka. Hizi ni njia mbili za unyakuzi mmoja. Swali hilo ndilo lililokuwa moyo wa pendekezo la mwanafunzi yule, nasi tulilikata kwa kutumia makali ya unyakuzi wenyewe.

Kinaya cha kozi hiyo hakikuishia hapo. Humo humo hufundishwa The Old Man and the Sea (1952) ya Ernest Hemingway kama kazi ya Kimarekani isiyo na shaka. Mhusika wake mkuu ni mvuvi wa Kuba, kijiji ni cha Kuba, na maji anayovulia ni ya Kuba. Maana yake ni kwamba Kuba inaruhusiwa kuingia katika Fasihi ya Kimarekani ikiwa mandhari na ikiwa mhusika. Ikija na kalamu yake mkononi, inaonyeshwa mlango wa Dunia ya Tatu.

Hali ni hiyo hiyo tunapohesabu heshima. Kati ya 1990 na 1993, Tuzo ya Nobel ya Fasihi ilikwenda Amerika mara tatu: kwa Octavio Paz mwaka 1990, kwa Derek Walcott mwaka 1992 na kwa Toni Morrison mwaka 1993. Katika mihadhara yetu, wa kwanza huitwa Mmeksiko, wa pili mwandishi wa Karibea, na wa tatu peke yake ndiye hupewa jina la bara. Mwanafunzi anayefundishwa hivyo hawezi kuuliza ni jambo gani lilikuwa likitukia katika fasihi za bara hilo hata zikang'aa kwa pamoja katika miaka minne. Hawezi kuuliza kwa sababu hajawahi kuambiwa kwamba watatu hao wanakaa mtaa mmoja.

Somo la Makerere

Yamkini msomaji atauliza: ugomvi wa watu wa mbali unatuhusu nini? Unatuhusu kwa kuwa sisi wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili tumewahi kukaa mahali alipo Guillén. Mwezi wa Juni 1962, waandishi waliokusanyika Makerere, Kampala, walijadili fasihi ya Afrika katika kongamano la wale walioandika kwa Kiingereza. Langston Hughes mwenyewe alikuwamo. Shaaban Robert hakuwamo, na mwezi huo huo alifariki dunia. Mwandishi aliyekuwa ameipa Afrika Mashariki mashairi, tawasifu na hadithi ndefu aliachwa nje ya mkutano uliojadili fasihi ya bara lake, kwa kuwa lugha ya mlangoni haikuwa yake. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyehudhuria akiwa mwanafunzi, aliukosoa baadaye utaratibu huo katika Decolonising the Mind (1986), na kila mhadhiri wa Kiswahili hulirudia kosoo hilo kwa wanafunzi wake kwa uchungu wa haki.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Tunaona upesi pale sehemu moja ya Afrika inapojitwalia jina la Afrika nzima. Hatuoni pale sehemu moja ya Amerika inapojitwalia jina la Amerika nzima, na hata tunawasaidia watwaaji kwa kuuweka unyakuzi huo katika mitaala, kuutahini na kuutolea shahada.

Hazina ya Kiswahili

Tumesema kwamba Kiswahili kimetupa maneno mawili. Ni kweli kwamba maneno hayo yana chimbuko moja, na wako wasemaji wanaoyatumia bila kuyatofautisha. Hata hivyo, njia zilizoyaleta kwetu ni mbalimbali. Seyyid Said bin Sultan aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na balozi mdogo wa nchi hiyo akafika Unguja mwaka 1837. Merikebu za Salem, Massachusetts, zilileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ambacho pwani na bara kilijulikana kwa jina la waliokileta: marekani. Mmarekani aliyejulikana kwanza na wazee wetu alikuwa nahodha mwenye majora ya kitambaa, raia wa nchi fulani yenye bendera na balozi. Bara la Amerika lilitufikia baadaye, kwa njia ya shule na ramani.

Kutokana na hali hiyo, lugha ilijigawia kazi yenyewe. Msemaji makini husema Amerika ya Kusini na Amerika ya Kilatini. Akiteleza akasema Marekani ya Kusini, msikilizaji atadhani anasikia habari za Alabama. Wahispania na jirani zao walilazimika kuunda neno maalumu la kumwita raia wa Marekani, na kamusi ya matatizo ya lugha iliyotolewa mwaka 2005 na Akademia ya Kihispania pamoja na akademia wenza inashauri kwamba jina la Mwamerika lisifungwe kwa raia wa dola hiyo pekee. Wao wanahangaikia tofauti ambayo sisi tunayo tayari mdomoni. Kuiacha ipotee kwa sababu tu vitabu vyetu vya rejea ni vya Kiingereza ni ubadhirifu.

Pingamizi

Hatutaki kujifanya kwamba hoja yetu haina wapinzani wenye akili. Pingamizi tatu zinastahili jibu.

Ya kwanza ni kwamba wengi wa wenye haki hiyo hawaitaki. Mkanada hukasirika akiitwa kwa jina hilo. Margaret Atwood, katika Survival (1972), aliitafuta fasihi ya Kanada kwa kuitofautisha na ile ya jirani yake, na jirani huyo anamwita kwa jina la bara. Mitaani Brazili nako, jina hilo kwa kawaida humaanisha mtu wa Marekani. Tunakubali. Lakini tujiulize Mkanada anakataa nini. Hakatai kukaa katika bara lake. Anakataa kudhaniwa raia wa dola nyingine. Kukataa kwake ni ithibati ya unyakuzi, si kibali chake. Aliyehama shamba kwa kuchoshwa na mnyakuzi hajamwandikia mnyakuzi hati.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Jina la Amerika lenyewe ni la kikoloni. Ni jina la baharia wa Kizungu lililobandikwa juu ya nchi zilizokuwa na wenyewe. Vuguvugu za watu wa asili wa bara hilo zimechagua jina la Abya Yala kutoka lugha ya Waguna wa Panama na Kolombia. Kwa nini basi tugombee uridhi wa mwizi? Jibu letu ni kwamba hatupingani na madai hayo, na kozi tunayoipendekeza ndiyo itakayoweza kuyafundisha. Katika kozi ya Marekani pekee, Waguna hawana hata dirisha la kuchungulia. Isitoshe, Haiti, nchi ya pili kupata uhuru katika bara hilo, ilijichagulia mwaka 1804 jina la wenyeji wa kale. Mjadala wa jina ni sehemu ya fasihi za Amerika tangu mwanzo. Anayeufunga kwa sababu ya ugumu wake anamwachia jina yule mwenye nguvu.

Pingamizi ya tatu ni ya kiutendaji: hatuna walimu wanaojua Kihispania, Kireno wala Krioli ya Haiti. Ni kweli, na ni aibu yetu. Hata hivyo, kutojua lugha ya mtu si sababu ya kumfuta katika bara lake. Tunawasoma Warusi na Wagiriki kwa tafsiri bila kuwahamisha Ulaya. Ukosefu huo wapaswa kuwa sababu ya kusomesha watafsiri wa kuvitoa vitabu hivyo moja kwa moja kutoka Kihispania hadi Kiswahili, bila kupitia lango la Kiingereza, ambalo ndilo lililotuletea mkanganyo huu.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, idara zetu ziamue moja kati ya mawili: kozi iitwe Fasihi ya Marekani, na ikiri mipaka yake, au iitwe Fasihi za Amerika, na ifundishe bara. Isiyokubalika ni kozi yenye upana wa jina na wembamba wa orodha. Pili, katika tahakiki na tafsiri zetu, Mmarekani awe raia wa Marekani, na Mwamerika awe mtu wa Amerika popote alipo. Tatu, hakuna jopo litakalomwamuru mwanafunzi kuwatenganisha waandishi wawili kwa hoja ya jina bila kwanza kueleza jina hilo limetoka wapi na nani alilitoa.

Mwanafunzi yule alitii. Aliandika juu ya Hughes peke yake, akafaulu, na tasnifu yake imo maktabani. Ni kazi nzuri. Aliyeisoma bila kujua historia yake hawezi kutambua kwamba kuna mtu anayekosekana ndani yake, na hivyo ndivyo unyakuzi uliokamilika unavyofanana. Swali lake, walakini, bado linangoja. Kuba iko Amerika. Jibu hilo lilikuwa la maneno matatu, na sisi wenye shahada za uzamifu, tulioketi nyuma ya meza ndefu, tulishindwa kulitamka.